Mjadala: Vijana wa jamii za wafugaji na wawindaji na afya ya akili, fedha ziende kwenye makundi ya simu au kwa watu?

Mleta mada (mwalimu, Sakina, Arusha)

Wadau, habari za jioni. Kuna shirika hapa mjini, silitaji, limetuita watu wa elimu na wa afya tutoe maoni kuhusu mpango wake. Wanataka kuwaunganisha vijana wa Kimaasai, Wahadzabe na Wadatoga kwenye makundi ya kujifunza kwa simu. Kila wiki somo fupi la sauti kuhusu msongo, sonona, pombe, kufiwa. Kisha vijana wanajadiliana, mnasihi akiongoza kutoka ofisini. Sehemu kubwa ya fedha itaishia kwenye programu yenyewe na bando.

Msimamo wangu nautanguliza: mpango umebisha mlango usio wake. Wanaotakiwa kukaa darasani kwanza ni watu wazima wanaolala jirani na hawa vijana, yaani matroni, patroni, mwalimu wa unasihi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, laigwanani (kiongozi wa mila wa Kimaasai). Hao wakutanishwe kwa simu na wataalamu, waulizane kesi zao. Mwanafunzi wa kidato cha pili kule Longido haruhusiwi simu bwenini. Likizo akirudi boma, simu ni ya kaka, inachajiwa dukani kwenye sola, na mtandao unapatikana juu ya kilima. Huo ujumbe wa "leo unajisikiaje" atausoma nani? Kaka.

Mwanachuo wa Loliondo, anaishi Njiro

Shikamoo mwalimu. Nakupinga kwa heshima zote.

Hao watu wazima uliowataja ndio hasa tusioweza kuwaambia. Moran hamfuati laigwanani kumwambia hapati usingizi. Atamwambia ng'ombe wamekufa, hapo wataelewana, lakini kwamba tangu ng'ombe wafe yeye haoni maana ya kuamka, hiyo hasemi.

Halafu unazungumza kana kwamba vijana wako boma. Tangu 2022, pori la kilomita za mraba 1,500 lilipowekewa mipaka ya hifadhi kule kwetu, na wenzetu wa Ngorongoro walipoanza kuhamia Msomera, Handeni, rika langu limetawanyika. Ukame nao ulikuwa umeshachukua mifugo. Mmoja yuko Msomera, wawili ni walinzi Dar, mwingine anasuka nywele Zanzibar. Zamani rika lilikaa chini ya mti. Sasa linakaa kwenye simu.

Nikupe picha. Mlinzi anaingia lindo saa kumi na mbili jioni, anatoka alfajiri. Yuko getini peke yake, mwenye nyumba jina lake hajui, anamwita "Masai" tu. Kuanzia saa nne usiku kundi letu linachangamka. Ni sauti tupu, Kimaasai, hakuna anayeandika. Mmoja anasimulia alivyotukanwa, mwingine anaimba wimbo wa kusifia fahali hadi betri imwishie. Ikifika saa nane kama kuna mtu hajasikika, anapigiwa. Hakuna shirika lililotufundisha. Kwa hiyo usiseme simu haifai, mwalimu. Sema simu ya nani na kundi la nani.

Bodaboda, Kwa Mrombo

Samahani wakuu, kwani machalii wa Kimeru na Kichaga hawana msongo? Mbona kila mradi Wamaasai?

Mleta mada

Wanao, ndugu yangu, tena mwingi. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo kwa Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili mwaka 2007, ingawa hapa nyumbani serikali haitambui kundi lolote kwa jina hilo. Mimi katika mjadala huo sina upande. Naangalia umbali na lugha. Chalii wa Kimeru akizidiwa, daladala moja imemfikisha Hospitali ya Mount Meru, na huko ataeleweka kwa Kiswahili. Mtoto wa Kihadzabe wa bonde la Eyasi hana hata kimoja kati ya hivyo.

Na wewe mwanachuo, marahaba. Kundi lenu nalivulia kofia. Lakini mmelianzisha bila fedha. Sasa mzungu wa bando akija, litabaki lenu?

Muuguzi wa afya ya akili, Moshi

Niongeze la kitaalamu kidogo. Australia, eneo la Kimberley, walitengeneza programu ya simu inaitwa iBobbly, kwa vijana wa Kiaborijini na pamoja nao. Ilijaribiwa kwa watu 61, matokeo yakatoka 2017. Dalili za sonona na msongo zilishuka kwa walioitumia wakilinganishwa na waliokuwa wakisubiri zamu yao. Kwenye mawazo ya kujiua, tofauti kati ya makundi hayo mawili haikutosha kuitwa ushahidi. Kwa hiyo mwanachuo ana hoja: simu inapunguza uzito. Mtu akishafika ukingoni anahitaji mtu wa kumfuata alipo.

Na hapa ndipo huo mpango unanitisha. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kijana akiandika kwenye kundi la watu mia kwamba mwaka jana alijaribu, ameacha maandishi yenye namba yake ya simu. Mmoja akipiga skrinshoti, imekwisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini skrinshoti ikishafika kijijini sheria hairudishi kitu.

Swali ninalotaka likaulizwe kikaoni: ujumbe wa hatari ukiingia saa saba usiku kutoka Engaruka, nani anaamka, na ana namba ya nani aliyeko Engaruka? Wasipokuwa na jina la mtu wa kijiji hicho, wasifungue kundi. Kwa walio chini ya miaka 18 kuna Simu ya Mtoto, 116, bure, ibandikwe hata kwenye mlango wa bweni.

Mtafiti, Usa River

Dada wa Moshi amesema vema, ila naona sote tunazungumzia chombo. Kanada, jimbo la British Columbia, Chandler na Lalonde walichapisha utafiti wao mwaka 1998 kuhusu jamii za asili na vifo vya vijana kwa kujiua. Walikuta tofauti kubwa ajabu kati ya jamii na jamii, wakatafuta sababu. Waliangalia mambo sita: kujitawala, madai ya ardhi, elimu, afya, polisi na zimamoto, na nyumba za utamaduni, yote kwa maana ya jamii yenyewe kuyasimamia. Zilizokuwa na yote sita hazikupoteza kijana hata mmoja kwa njia hiyo katika miaka waliyoichunguza. Zisizokuwa na hata moja ndizo zilizoumia kuliko zote.

Sisemi Longido ni Kanada. Nasema hivi: kumfundisha kijana kupumua taratibu wakati hajui mwakani malisho yatakuwa ya nani ni kazi nusu. Mwanachuo ametaja Loliondo na Msomera, mmepita haraka. Masomo ya shirika yataigusa ardhi, au wataambiwa waiache ni siasa?

Mleta mada

Nimesoma andiko lao lote. Neno ardhi halimo.

Mwanachuo wa Loliondo

Basi ndiyo maana nasema admini awe rika lenyewe. Mnasihi aje kama mgeni, aalikwe, aondoke. Mwalimu, hao walimu wako na matroni wakutane kwenye kundi lao, sikatai, ila wasiingie letu.

Mama wa Ngaramtoni

Nimesoma toka juu, wanangu. Rika, moran, lindo. Mabinti wako wapi?

Msichana wa Kimaasai aliyekimbia kuozwa, akaishia kazi za ndani hapa mjini, simu anashika ya mwajiri, tena wakati wa kuulizwa mboga zimeiva. Hana rika la usiku. Mimi nauza magadi na ugoro sokoni, siku ya gulio wanakuja wametumwa nyanya, wanasimama kwangu kwa sababu nasema lugha yao. Dakika kumi, wengine wanalia wamegeuzia uso kwenye magunia. Nikiwauliza nini, wanasema moshi.

Mimi sijasomea unasihi. Kama fedha zipo, nifundishwe mimi nini cha kumwambia huyo mtoto na nimpeleke kwa nani. Sihitaji bando.

Muuguzi wa afya ya akili, Moshi

Shikamoo mama. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa 2024 unalenga watu zaidi ya 137,000 nchi nzima, lakini wanachaguliwa kwa vijiji na mitaa, sokoni hawakai. Mama kama wewe hayumo kwenye orodha ya mtu.

Mwanachuo wa Loliondo

Yeyo (mama), hapo umetushika. Kwenye kundi letu hakuna msichana hata mmoja, na tukiwaingiza hakuna atakayesema kitu, si wao si sisi. Wawe na lao. Simu ndiyo tatizo.

Mleta mada

Mama, kikao ni Jumanne asubuhi. Utaweza kufunga meza siku moja? Nitawaambia wakulipe nauli na mauzo ya siku hiyo, na wasipokubali tutajua mapema mpango ni wa nani.

Mama wa Ngaramtoni

Jumanne naweza. Lakini waongee Kiswahili.