Volti 230 na ampea 23 ni wati ngapi, na ukinzani wake ni upi?

Mpangaji wa Tabata
Wakuu, heshima kwenu. Nina kifaa cha volti 230, fundi amepima mkondo akapata ampea 23. Naomba kujua wati zake na ukinzani wake. Nina haraka kidogo. Natanguliza shukrani.

Mwalimu Chaki
Wati ni volti mara ampea: 230 × 23 = 5,290. Ukinzani ni volti gawa kwa ampea: omu 10. Ila kanuni ya Ohm, aliyoichapisha 1827, inataka hali ya joto isibadilike. Nilikuwa nawapa wanafunzi balbu ya zamani ya wati 100. Kwa hesabu ni omu 529, wakiipima ikiwa baridi wanakuta kama 40 hivi, darasa zima linabisha! Waya wa hita haubadiliki kiasi hicho.

Bi Zamaradi
Wati elfu tano! Mwanangu, dakika 10 tu umekula karibu uniti nzima ya LUKU. Kuna nyumba nilihama kwa ajili hiyo hiyo, mita moja wapangaji wote, mwenzetu kafungia jiko la umeme chumbani anatuambia ni redio.

Fundi Koleo
Ampea 23 si za kuchezea. Kifaa gani, waya milimita ngapi, breka ya ngapi?

Mpangaji wa Tabata
Ni shawa ya maji ya moto. Mama mkwe anakuja kutoka Njombe, ana baridi yabisi. Waya fundi kasema ni mzuri. Breka ni 32.

Fundi Koleo
Mzuri ndiyo milimita ngapi? Na kilichofanya fundi apime mkondo ni nini? Shawa isiyo na shida hakuna anayeipima.

Mpangaji wa Tabata
Haya. Waya ni 2.5, umeungwa kutoka soketi ya jikoni, kama mita 12 kutoka kwenye breka hadi bafuni. Breka ilikuwa 20, ikawa inakata mama watoto akiwa na povu mwilini, ndipo fundi akaweka 32. Toka hapo haijakata. Plasta na vigae vimeshapigwa, mwenye nyumba hataki kusikia nyundo. Mimi naona iko sawa, ila maji hayana moto kama nilivyotarajia.

Kijiwe cha Kahawa
Hii chai. Mkwe atoke Njombe kwenye baridi, aje Dar kwenye joto hili aogee maji ya moto? Halafu 230 kwa 23 inatoka 10 kamili, hizo ni namba za mtihani. Dogo ana swali la fizikia, anatuzungusha.

Bi Zamaradi
Baridi yabisi haiulizi uko mji gani. Mkwe wa mtu mheshimu.

Mwalimu Chaki
Hata mimi hiyo 10 kamili imenitia shaka. Ndugu, hizo 230 umezipima au umezisoma?

Mpangaji wa Tabata
Nimezisoma kwenye kibandiko cha shawa: volti 230, wati 5,500. Sina sababu ya kutunga.

Mwalimu Chaki
Basi hajatunga. Wati 5,500 gawa kwa 230 ni ampea 23.9, ukinzani omu 9.6. Yeye kapata 23. Zidisha 23 kwa 9.6, unapata volti 221. Ndiyo maana maji hayachemki vizuri: kuna volti kama 9 hazifiki bafuni. Mtunzi wa chai hawezi kuficha kitu kama hicho kwenye namba zake. Mwambie fundi apime volti sehemu zote mbili, shawa ikiwa inafanya kazi.

Mpangaji wa Tabata
Kapima. Kwenye breka 230, bafuni 221.

Fundi Koleo
Volti 9 kwa ampea 23 ni omu 0.39. Waya wa 2.5 una omu kama 7.4 kwa kilomita, kwa hiyo mita 12 kwenda na 12 kurudi ni 0.18 tu. Iliyobaki, 0.21, imekaa kwenye maungio. 23 × 23 × 0.21 ni wati 111. Joto zaidi ya ile balbu ya Mwalimu, mahali padogo, limezibwa na plasta! Na breka haitalijua, kwake yeye ni ampea 23 tu zinapita.

Mpangaji wa Tabata
Lakini wageni wanafika Ijumaa. Tukiogea dakika chache chache? Fundi alinihakikishia.

Kijiwe cha Kahawa
Mkuu, neno chai nalifuta. Zima hiyo breka. Mama achemshiwe maji kwenye gesi.

Fundi Koleo
Vuta waya wa 6 moja kwa moja kutoka kwenye breka, usiungwe popote, pamoja na ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Pitisha juu ya ukuta ndani ya tranki, ile mifereji ya plastiki ya kufunika waya, mwenye nyumba hatasikia nyundo. Hapo utapoteza volti zisizofika 2, na breka ya 32 itakuwa mahali pake.

Mpangaji wa Tabata
Nimezima. Ila hiyo ethi, fundi alivuta nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Ni lazima iwepo?

Fundi Koleo
Ni lazima, ndugu yangu! Maji na umeme viko pamoja hapo. Usiiwashe tena hata kwa kujaribu. Niandikie pembeni uko Tabata ipi, kesho asubuhi nakuja na mita yangu.