Mgonjwa ameomba nakala ya faili lake, kisha lichomwe: tumjibu nini?

Mtunza Masjala (Moshi)
Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Ninafanya kazi masjala ya kituo cha afya cha binafsi hapa Moshi, na ninaomba ushauri wa waliowahi kukutana na jambo kama hili. Kuna dada aliyetibiwa kwetu miaka kadhaa iliyopita, mimba yake ilipoharibika. Sasa anakaribia kuolewa, na ndugu wa mchumba wake ameajiriwa hapa kwetu, mapokezi. Ameleta barua yenye maombi mawili: apewe nakala ya kila kilichoandikwa juu yake, kisha faili lichomwe na jina lake liondolewe kwenye kompyuta. Mganga mfawidhi anasema faili ni mali ya kituo na mgonjwa hana la kudai. Mmiliki amemwonea huruma na anataka tulichane yaishe. Nimelifungua faili hilo. Kwenye karatasi ya maabara kundi la damu limeandikwa kwa wino mwekundu, O hasi, na chini yake muuguzi ameandika saa aliyomchoma sindano ya anti-D. Ninasita kuichoma karatasi hiyo, lakini pia siwezi kumwambia dada wa watu kwamba anaogopa bure, kwa sababu haogopi bure.

Wakili wa Ngarenaro
Ndugu mleta uzi, nianze na ombi la kwanza kwa kuwa halina utata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mhusika haki ya kujua mnazo taarifa gani zake na mnazitumia kwa ajili gani, na taarifa za afya imeziweka miongoni mwa taarifa nyeti. Jalada na karatasi ni vya kituo, hilo sibishani na mganga mfawidhi, ila haliwi sababu ya kumnyima mgonjwa yaliyomo.

Kufuta ni habari nyingine. Haki hiyo inashika zaidi pale taarifa zinapokuwa si sahihi, ambapo mhusika anaweza kuomba zirekebishwe, zizuiwe au zifutwe. Rekodi ya matibabu iliyo sahihi, ambayo bado ina kazi, haichomwi kwa sababu imekuwa mzigo kwa mwenyewe. Mjibuni kwa barua, mweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mumjulishe kwamba asiporidhika anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mmiliki naye ajue kwamba siku likizuka shauri juu ya matibabu yale, kituo kitakuwa hakina cha kujitetea nacho, na dada mwenyewe hatakuwa na cha kuonyesha.

Mkunga Mstaafu
Hiyo karatasi yenye wino mwekundu ndiyo itakayomsaidia uzazi ujao. Mama mwenye damu hasi akibeba mtoto mwenye damu chanya, mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili, yaani chembe za kinga zinazoshambulia damu ya mtoto, na mara nyingi anayeumia si mtoto wa mimba hiyo bali wa mimba inayofuata. Sindano ile ya anti-D huzuia kingamwili hizo zisitengenezwe, ndiyo maana hutakiwa ndani ya saa 72 baada ya mimba kuharibika au mama kujifungua. Mkunga atakayempokea kliniki, iwe hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, atataka kujua kama alichomwa na lini.

Mwiteni, mkae naye chumba cha daktari, mlango ufungwe, mumweleze haya taratibu. Asielezwe dirishani. Nimeona wagonjwa wengi wakiitwa kwa majina na kusomewa majibu mbele ya foleni nzima, na jambo hilo liliniuma miaka yote ya kazi.

Fundi Mifumo, Arusha
Tusome ombi lake vizuri. Anachokiogopa ni mtu mmoja wa mapokezi kulisoma faili, na hilo mnaweza kulizuia leo bila kuchoma chochote. Faili la karatasi liingie kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa kwenye mkunjo, likae kwenye kabati la mganga mfawidhi, na kila anayelitoa aandike jina, tarehe na sababu. Kwenye kompyuta, mapokezi waone jina, namba ya faili na malipo tu. Maelezo ya daktari na majibu ya maabara yabaki kwa wanaotibu. Kila mfanyakazi awe na nywila yake. Vituo vingi hutumia nywila moja iliyobandikwa pembeni ya skrini, na hapo hata mfumo ukitunza orodha ya waliofungua faili, haikuambii ni nani aliyechungulia.

Tena msimwahidi kwamba mkifuta hakutabaki kitu. Jina lake limo kwenye vitabu vya MTUHA (rejesta za kituo za taarifa za huduma za afya) vya mwaka ule, limo kwenye nakala rudufu, na kama alitumia bima, fomu ya madai ilishakwenda kwa mlipaji.

Mama wa Pasua
Mimi ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, naomba kuuliza. Je, mtajuaje kwamba anayekuja kuchukua nakala ni yeye? Mchumba au wifi akija na barua nzuri, si atapewa?

Wakili wa Ngarenaro
Mama, shikamoo. Swali lako ni la msingi. Aje mwenyewe na kitambulisho cha NIDA, kilinganishwe na maelezo ya kwenye faili, asaini kitabu cha kupokelea. Mchumba hapewi, hata akija na risiti za malipo, wala nakala isipigwe picha na kutumwa WhatsApp. Faili halisi lisitoke kituoni.

Mtunza Masjala (Moshi)
Nawashukuru nyote. Mganga mfawidhi amesoma uzi huu na amekubali nakala itolewe, bahasha tumeshaifunga. Limebaki jambo moja: kwenye faili hilo kuna mstari unaosema dada alikuja na mume wake, naye anasema alisindikizwa na kaka yake. Niufute?

Mkunga Mstaafu
Usiufute wala usiupake rangi nyeupe. Aliyeuandika, au daktari wa sasa kama huyo hayupo, apige mstari mmoja juu yake ili maandishi ya awali yasomeke, aandike maelezo sahihi pembeni, atie saini na tarehe. Mfanye hivyo kabla ya kutoa nakala, ili aondoke na maelezo yaliyorekebishwa.