Wenye famasi Mwanza, acheni kuwatisha wazee wetu kwamba dawa za bei nafuu "hazina nguvu"

Wakuu habarini. Nina hasira, mnivumilie.

Mama yangu ana presha. Daktari kamwandikia amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku, na kwenye cheti kaandika jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Kafika famasi moja hapa mjini, muuzaji anamwambia: "Mama, hizi za bei rahisi hazina nguvu. Chukua orijino." Hiyo orijino bei yake ni mara kadhaa ya ile nyingine. Mama anachuuza dagaa pale Mwaloni, akachomoa hela ya mtaji akalipa. Sasa ili sanduku lisiishe mapema, akawa anameza leo, kesho anaruka! Alipoenda kupima, presha iko juu na daktari anamuuliza kama dawa anakunywa.

Yaani mtu katishwa asinunue dawa inayomfaa na anayoimudu, kaishia kukaa bila dawa. Akipata kiharusi huyo muuzaji atakuja kumuuguza?

Amlodipini ni amlodipini. Kampuni ya Pfizer ndiyo walioitangulia sokoni kwa jina la Norvasc, na hataza ikiwa hai mwingine haruhusiwi kuitengeneza. Marekani hataza hiyo ilikwisha 2007, viwanda vingine vikaingia. Hawa waliofuata bei yao iko chini kwa sababu hawakubeba gharama za kuigundua na kuijaribu upya kwa maelfu ya wagonjwa. Wanachotakiwa kuthibitisha ni kwamba kidonge chao kinaingiza dawa kwenye damu kwa kiwango na kasi inayolingana na kile cha kwanza. Rangi, umbo na unga wa kushikiza kidonge vinaweza kutofautiana, basi. Huko huko Marekani, vyeti tisa kati ya kumi hupewa hizi hizi generiki, yaani dawa za viwanda vilivyofuata, mnazozitukana.

Zipo dawa za kwenda nazo kwa uangalifu, hilo nalijua. Za kifafa, au warfarini ya kuzuia damu kuganda, mgonjwa asihamishwe kiwanda bila daktari wake kujua, maana tofauti ndogo tu inaweza kumletea shida. Lakini mama yangu hakupewa maelezo ya namna hiyo. Alipewa woga.

Na msituchanganyie generiki na feki. Feki ni jinai. Generiki iliyosajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) imekaguliwa kama hiyo ya jina kubwa. Kama unajua iliyo kwenye rafu yako haina nguvu, mbona unaiuza? Kairipoti, TMDA Kanda ya Ziwa wako hapa hapa Mwanza.

Wafamasia mliomo humu, nijibuni kwa hoja. Na waliofanyiwa hivi Igoma, Buzuruga, Nyegezi, popote, andikeni hapa dawa gani na mliambiwa nini. Risiti ya mama ninayo, naipeleka TMDA, na yenu nitayaambatanisha.