Sijafika 60 lakini mwili umeshanistaafisha: matusi ya uzee napewa, haki za mzee sipewi!

Wakuu, salaam.

Leo sina utani. Naandika kwa kidole kimoja maana mwenzake kimekaza tangu asubuhi, na hakuna kazi niliyokipa ya kukikaza.

Juzi nimekwenda hospitali (sitaitaja) kufuatilia goti. Mlinzi wa getini kaniona ninavyochechemea, akanishika mkono kwa heshima zote: "Mzee wangu, wewe usipange foleni, pita dirisha la wazee." Roho iliuma, ila foleni nayo ilikuwa imetoka nje mpaka kwenye mwembe, nikaona heshima tutaijadili siku nyingine. Kufika dirishani, binti akasema, "Shikamoo babu, naomba kitambulisho." Babu! Nikamwitikia marahaba, nikampa. Akaitazama kadi, akanitazama mimi, akairudia kadi. "Kumbe wa 1972? Babu, hujafika. Rudi kwenye foleni."

Na foleni yenyewe ikawa imeongezeka.

Sasa nisikilizeni. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Mtumishi wa umma naye anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na 55, na kwa lazima akifika 60. Kwa hiyo kwenye makaratasi mimi ni mtu mzima mwenye nguvu zake, ninayetegemewa na taifa. Haya, nani ameuruhusu mwili wangu kutangulia? Mbona haukusubiri barua? Kila aibu ya uzee nimeshakabidhiwa mkononi, lakini nikitaka hata kupishwa dirishani naambiwa bado mdogo.

Turudi kwenye goti. Daktari alikuwa kijana, ndevu zenyewe ndiyo zinaanza. Akaangalia picha, akasema lile gegedu linalozuia mifupa isisagane limelika. Nikauliza limelika kwa nini, akajibu, "Ni umri tu, mzee." Wakuu, nimelipa hela ya kumuona daktari ili niambiwe nina umri? Umri niliujaza mwenyewe kwenye fomu! Halafu akanipa masharti: punguza uzito, tembea kila siku, epuka kuchuchumaa.

Epuka kuchuchumaa. Mimi nimepanga nyumba ya vyumba sita, choo kimoja, cha kuchuchumaa. Niepuke niende wapi?

Na kushuka hakuna shida, dunia yenyewe inakuvuta. Kasheshe ni kuinuka. Mkono wa kushoto unakamata bomba la maji, wa kulia unasukuma ukuta, kopo umelibana kwapani, unahesabu moja mbili tatu, goti linalia mlio ambao mpangaji wa chumba cha pili anausikia, na mdomo nao unatoa sauti ambayo hujauagiza. Siku hizi bomba limeanza kucheza. Wiki iliyopita mwenye nyumba katuita wote uani kuuliza nani anang'oa bomba la chooni. Wapangaji wakakaa kimya. Mimi nilikaa kimya kuwashinda wote, nikawa namwangalia yule kijana wa chumba cha mwisho anayebeba vyuma.

Sasa la basi, na hili ndilo lililonifanya nije hapa. Nilikuwa nasafiri kwenda Singida. Baada ya Morogoro gari likasimama porini, konda akatangaza dakika tano za kuchimba dawa. Wanaume tukajipanga upande mmoja. Vijana wale, sijui wamefungiwa pampu, dakika haijaisha wameshafunga zipu na wanarudi wakipiga stori. Mimi bado nimesimama. Sijaanza. Nasubiri. Ikaanza, ikakata. Ikaanza tena. Dereva akapiga honi, na ile honi ikakata kila kitu upya. Konda akachungulia mlangoni: "Mzee, bado?" Basi zima la watu sitini likageuza shingo. Mama mmoja akafungua dirisha akasema kwa sauti ya huruma, "Jamani mwacheni baba wa watu amalize." Kuanzia pale mpaka Singida sikugusa chupa ya maji, na yule mama kila gari likipunguza mwendo ananigeukia: "Baba, vipi, tuwaambie wasimame?"

Nimeelezwa chanzo. Tezi dume imekaa chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Mwanaume akizeeka nayo inanenepa, ikinenepa inaubana mrija. Ndiyo maana mchana unasubiri, na usiku unaamka mara tatu kwenda kutoa matone. Huko kunenepa si lazima iwe saratani, lakini huwezi kujua kwa kukaa nyumbani unakisia, kwa hiyo wanaume wenzangu nendeni mkapime. Kuna kipimo cha damu, kuna ultrasaundi, na kuna kile kingine cha kidole ambacho mnakijua. Mimi nimepitia vyote. Kile cha mwisho alinifanyia daktari aliyeanza kwa kuniamkia shikamoo, nikaitika marahaba nikiwa nimegeukia ukutani. Nisiulizwe zaidi.

Macho nayo. Umeme umeisha saa tatu usiku, nimenunua wa LUKU, ujumbe umeingia. Tarakimu ishirini! Sina miwani, tatu na nane naziona ndugu, sita na sifuri ndiyo mapacha kabisa. Naingiza, mita inakataa. Nasogeza simu mbali, maandishi yanapungua. Naisogeza karibu, yanageuka ukungu. Wanasema lenzi ya jicho inakakamaa kidogo kidogo, na ukipita arobaini inagoma kujikunja ili uone cha karibu. Ikabidi nimwite mtoto wa jirani, yuko darasa la tatu, akazisoma zote bila kupumua, kisha akaniuliza mimi niliishia darasa la ngapi.

Miwani ninayo, ya machinga, namba mbili kamili. Yule bwana kipimo chake ni kipande cha gazeti chenye tangazo la msiba: ukiweza kusoma jina la marehemu, namba yako ndiyo hiyo, toa hela. Tatizo ni kwamba bila miwani siwezi kuitafuta miwani.

Kwa kinyozi sitachukua muda. Kichwani anamaliza haraka maana kazi ni ndogo, halafu anauliza kwa adabu, "Mzee, na za masikioni nipitishe mashine?" Zilifika lini huko? Akanishawishi piko, nikakubali, nikatoka ndevu nyeusi ti. Baada ya siku chache mizizi ikatoka nyeupe, mtaani wakaanza kuniuliza nani kanimwagia unga.

Mama watoto naye ana ya kwake. Hedhi inaelekea kukoma, joto linampanda usiku wa manane mpaka jasho linalowesha mto, na kwa Dar hii mnajua joto la nje peke yake lilivyo. Anataka feni namba tano. Mimi upepo ukinipiga, goti linauma mpaka kwenye nyonga. Tukasuluhishana: namba mbili. Saa nane naamka kwenda kupambana na tezi, nikirudi feni inazunguka namba tano, shuka langu liko sakafuni, na yeye amelala chali anakoroma kwa amani. Feni moja, wazee wawili, na hakuna hata mmoja anayetambulika kisheria.

Wale wa "kunywa tangawizi na kitunguu saumu" msijisumbue. Nimekunywa. Goti liko vilevile, ila kwenye daladala siti ya pembeni yangu inabaki wazi.

Madai yangu ni mepesi. Ama dirisha la wazee lifunguke kwa mlio wa goti badala ya mwaka wa kuzaliwa, ama mlinzi, binti wa dirishani na konda waache kuniita babu mpaka nifikishe hiyo 60.

Naomba kuwasilisha. Mtakaojibu, andikeni kwa herufi kubwa. Na kama kuna anayemjua fundi bomba maeneo ya Mbagala, wa bei nafuu na asiyeuliza maswali, aje inboksi kabla mwenye nyumba hajaita kikao cha pili.