Mrejesho: plasta za homoni baada ya kukoma hedhi

Niliuliza kama hofu ya saratani ya matiti inatosha kukataa homoni za kutuliza joto la ghafla. Asanteni kwa majibu. Nimeyapeleka kwa daktari, na haya ndiyo yaliyosimama.

Hofu ilitokana na utafiti wa WHI (Women's Health Initiative, utafiti mkubwa wa afya ya wanawake) wa Marekani, sehemu iliyositishwa mwaka 2002. Washiriki walikuwa na wastani wa miaka 63, umri ambao hedhi imeshakoma zamani. Waliomeza estrojeni (homoni ya kike) pamoja na projestini (homoni inayoiga projesteroni ya mwili) walipata saratani ya matiti zaidi: kama wanawake 8 wa ziada kwa kila 10,000 kwa mwaka. Kidogo, ila si sifuri.

Plasta aliyoitaja daktari ni ya estrojeni, mikrogramu 50, hubadilishwa mara mbili kwa wiki. Hubandikwa chini ya kiuno, kamwe si kwenye titi. Ngozi ikiwa na losheni, plasta inabanduka kona moja kwanza, kisha yote. Mwenye mji wa mimba lazima ameze na projesteroni ya kulinda ukuta wa mji huo, kwa kawaida miligramu 100 wakati wa kulala kwa sababu inaleta usingizi. Wengine huiruka kubana matumizi (kosa kubwa hilo), ukuta wa mji wa mimba unanenepa, na saratani inanyemelea huko. Damu ikiendelea kutoka baada ya miezi 6, arudi kupimwa.