Fomu foo wafungiwa kambini, michezo na klabu marufuku mpaka pepa: wazazi na walimu mnalionaje hili?

MzaziWaGolikipa:
Wakuu habari za jioni. Jumamosi tuliitwa kikao cha wazazi shule ya kata anakosoma kijana wangu, shule siitaji, ipo kijijini kabisa mkoa wa Singida. Habari za muhula zikasomwa: tenki la maji limepasuka, maabara imepata madirisha, netiboli wasichana wametoka wa pili kata, klabu ya wapinga rushwa imelala kwa sababu mwalimu wake kahamishwa, kaka mkuu mpya kapatikana baada ya kura kurudiwa. Tukapiga makofi. Mwishoni kabisa mwalimu wa taaluma akasimama akasema kuanzia Julai hii fomu foo hawashiki mpira, hawaingii klabu wala skauti, na mdahalo wa Ijumaa wauache kwa fomu wani mpaka tatu. Wanakaa kambi mpaka mtihani wa Novemba. Mzazi alete debe mbili za mahindi, maharage, godoro na ndoo, watoto watalala madarasani. Sasa mi nauliza, ni haki mtoto wa miaka 17 kukaa miezi minne bila kugusa mpira? Dogo ni golikipa wa shule na toka Jumamosi haongei na mtu nyumbani.

Ngosha_wa_Reli:
Haki kabisa na wamechelewa. Golikipa atadakia nini akipata ziro? Michezo mashuleni inapigiwa kelele na walimu wa michezo tu sababu wanajua UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, ikifika kuna posho na kusafiri. Ondoa posho uone kama kuna mwalimu atakumbuka filimbi iko wapi.

MamaPili:
Mi niseme kama mzazi wa binti. Shule yetu ni kilomita tisa kutoka nyumbani, watoto wanapanga mageto pale senta, vyumba vya tope, wasichana watatu chumba kimoja, jioni hakuna mtu mzima wa kuwauliza mmekula nini wala nani kaja. Kambi ilipoanza mwaka juzi angalau nililala usingizi. Hayo ya mpira mtayaamua nyie, lakini kambi kwetu sio suala la pepa peke yake.

Ticha_Filimbi:
Ngosha umenigusa pabaya. Mimi ni mwalimu wa historia na michezo, mwaka wa nane huu. Hiyo posho unayoisema mara ya mwisho nimepeleka timu ngazi ya wilaya nimelipa nauli ya watoto wawili mfukoni kwangu na jezi tuliazima shule jirani, tena zimeandikwa jina la mgombea udiwani wa zamani. Tumelala darasani mimi na watoto. Ruzuku inayokuja shuleni inapigwa hesabu ya elfu 25 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayofika shuleni inunue chaki, karatasi za mitihani, ikarabati madawati, afu ndo mpira wa miguu. Nikwambie tu mpira mmoja unachezewa na watoto mia nne. Njoo uone hiyo filimbi, nilinunua mwenyewe.

Ngosha_wa_Reli:
Mwalimu usipaniki, kama wewe hulipwi wenzako wanalipwa. Sijakutaja jina.

Ticha_Filimbi:
Umesema "walimu wa michezo". Mi ni mwalimu wa michezo. Ulitaka unitaje na namba yangu ya cheki ya utumishi?

BongeLaKumbukumbu:
Tuelewe kambi hizi zimetoka wapi. Mnakumbuka matokeo ya 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro nchi nzima? Mpaka Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, na yakafutwa yakapangwa upya. Toka hapo kila mkuu wa shule anaogopa kuitwa wilayani kujieleza. Mkuu wa shule akiona moko, mtihani wa majaribio, imekuwa mbaya anafanya kitu ambacho DSEO, afisa elimu sekondari wa wilaya, atakiona kwa macho, na kambi inaonekana. Mpira hauonekani kwenye taarifa.

Chuma_Chakavu:
Mtihani ulikuwa 2012 mkuu, matokeo ndo yametoka Februari 2013. Naujua vizuri maana nilikuwemo na hatutaki kuongelea.

BongeLaKumbukumbu:
Sawa, 2012, hoja ipo palepale.

Kijana_wa_Merit:
Mi nimesoma shule ya kata, nimemaliza 2014, nimecheza namba sita mpaka mwezi wa tisa, nilikuwa pia mwenyekiti wa mdahalo na sikukaa kambi hata siku moja. Nikapata Merit, daraja la pili enzi zile za mfumo wa GPA. Kwahiyo wanaosema michezo inashusha taaluma waje na ushahidi. Mtoto aliyekaa darasani toka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku anakuwa amekaa tu, hasomi. Nimeona kwa macho wenzangu wa shule ya jirani waliowekwa kambi wanasinzia na pasti pepa usoni.

Ngosha_wa_Reli:
Merit ndo nini sasa 😂😂 nyie wa GPA mtuache. Mtu anakuja kutoa ushahidi na cheti ambacho hata mwajiri inabidi akipigie simu kuuliza.

Kijana_wa_Merit:
Wewe una divisheni ngapi tuanzie hapo?

Ngosha_wa_Reli:
Tuu ya pointi 19, ya jasho, kabla hamjaletewa vitu vya Distinction na Credit kama kadi za harusi.

DadaMhasibu:
Jamani na mimi ni wa 2014, mbona mnatuonea. Sisi tulijipangia huo mfumo? Tumeingia fomu wani kuna divisheni, tumetoka kuna GPA, Ndalichako akaja uwaziri wa elimu akairudisha divisheni 2016, sisi tukabaki katikati kama yatima. Chuo nimeulizwa "hii Merit ni tatu au mbili" mpaka nikazoea.

Chuma_Chakavu:
Ni tatu iliyovaa suti.

Kijana_wa_Merit:
Haya twende kwa hesabu, msiongee kwa kusikia. Merit ilikuwa GPA 2.6 mpaka 3.5. B yetu inabeba tatu, B plasi nne, A tano. Mtu akiwa na B saba ana 3.0. B saba kwenye divisheni yenu, B moja pointi mbili na pointi chache ndo bora, ni pointi 14, hiyo ni wani. WANI. Kwahiyo Ngosha na tuu yako nisalimie kwa heshima.

BongeLaKumbukumbu:
Hapo unachanganya dogo. B ya kwenu ilianzia maksi 50. Leo 50 ni C, B inaanzia 65. Ukizigeuza kwa maksi zile B saba zako zinaweza kuwa C saba, pointi 21, tuu ya mwishoni. Sijasema ni mbaya.

Ngosha_wa_Reli:
Asante mkuu. Anisalimie yeye, 19 na 21 nani mkubwa hapo.

Kijana_wa_Merit:
Nani kakwambia nilikuwa na B saba, nilitoa mfano. Na we pointi zako 19 ulizipata shule gani, ya bweni mjini yenye umeme? Maana jina la Reli hilo sio la kijijini.

Ngosha_wa_Reli:
Nimesoma bweni ndio, ada elfu 70 enzi hizo wakati kutwa ni elfu 20, mzee kauza ng'ombe. Kwahiyo? Na ndo maana nasema bweni linasaidia, kambi ni bweni la maskini.

MzaziWaGolikipa:
Ndugu zangu naomba turudi kwa golikipa.

Mjumbe_wa_Bodi:
Mzazi, mimi nipo bodi ya shule moja huku Manyara, nikupe upande wetu. Kambi haiamuliwi na mwalimu peke yake, inatoka kikao cha wazazi, na mlipiga makofi wenyewe. Wangapi mlinyoosha mkono kupinga pale Jumamosi?

MzaziWaGolikipa:
Kiongozi makofi tulipigia netiboli.

Mjumbe_wa_Bodi:
Haijalishi, kwenye muhtasari imeandikwa wazazi wameridhia.

Wakili_wa_Kijiweni:
Hapo ndo nilipopasubiri. Elimu bila ada ipo toka 2016, na Januari 2018 Magufuli alikataza michango mashuleni hadharani, akasema mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa mchango. Debe mbili za mahindi ni nini kama sio mchango? Eti kwa sababu sio hela? Nenda kaulize bei ya debe mwezi wa pili.

MamaPili:
Wakili, mtoto akiwa nyumbani huwa unamlisha sheria?

Wakili_wa_Kijiweni:
Mama hoja yangu ni utaratibu.

MamaPili:
Utaratibu huo haupiki ugali. Hata akiwa geto mahindi yanatoka kwangu, tofauti kule anapika mwenyewe saa mbili usiku na kuni mbichi afu useme asome. Mi wanaonikera ni hawa wa pointi 19 na 21, nimeandika hapo juu mambo ya mabinti hakuna aliyejibu, mmekimbilia kupimana vyeti.

Chuma_Chakavu:
Mama umetupiga.

Binti_wa_Mdahalo:
Samahani naongezea kitu, mimi nimemaliza juzi juzi shule ya kijijini. Michezo mnaitetea wote sababu ni wanaume, hakuna anayelia klabu wala mdahalo. Mdahalo wa Ijumaa ndo mahali pekee nilipoongea Kiingereza kwa mdomo wangu, darasani tunanakili tu ubaoni. Sawa mada zenyewe zilikuwa zilezile, mkulima na mwalimu nani bora, pesa na elimu kipi bora, miaka minne mkulima hajawahi kushinda. Lakini fomu foo ndo wanaoongea vizuri, ukiwatoa hao fomu wani wanabaki wanasomeana karatasi. Na huo Kiingereza ndio wa pepa.

Ngosha_wa_Reli:
Mkulima hajawahi kushinda 😂 na majaji wote wanalima baada ya kazi.

Ticha_Filimbi:
Binti kasema la maana kuliko sisi wote. Na kwa taarifa mtaala mpya ulioanza 2024 una mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, michezo imo humo, inasomwa kama fani. Serikali inasema mpira ni elimu, shule inasema mpira ni utoro. Fomu foo wa sasa hivi wapo mtaala wa zamani najua, ila akili za walimu zinatakiwa zianze kugeuka mapema. Mimi nimependekeza kikaoni nipewe saa moja tu, kumi mpaka kumi na moja jioni, kila siku, kambi ibaki. Nikaambiwa jua la saa kumi watakunywa maji mengi na tenki limepasuka.

Kijana_wa_Merit:
Kumbe nyie ni shule moja na mzazi???

Ticha_Filimbi:
Hapana kaka, matenki yanapasuka kila mahali.

Mjumbe_wa_Bodi:
Saa moja ya jioni hata mimi ningeunga mkono. Tatizo likija ni nani anasimamia. Walimu wengi wanakaa mbali, nyumba za walimu mbili, moja anakaa mkuu na nyingine inavuja jikoni. Saa kumi wengi washapanda bodaboda.

MamaPili:
Na usiku je? Ndo swali langu la toka mwanzo. Kwetu kambi ya mwaka juzi wasichana walilala na mlinzi nje, mlinzi mwenyewe mzee anasinzia saa tatu. Mwaka jana wazazi tukamtafuta mama mmoja wa kijijini awe matroni, tunamlipa kwa mahindi na sabuni, analala nao humohumo. Bila huyo mama mi binti yangu simpeleki hata wakisema ana divisheni wani mkononi.

Wakili_wa_Kijiweni:
Kumlipa mtumishi kwa mahindi nalo lina shida zake kisheria.

DadaMhasibu:
Kaka hebu pumzika kidogo.

Chuma_Chakavu:
Mimba zinaanzia huko huko kambini, tusidanganyane. Watoto wamefungiwa miezi minne hawana mpira hawana nini, unategemea wafanye nini usiku?

MamaPili:
Zinaanzia njiani na mageto, na mara nyingi mhusika sio mwanafunzi mwenzake, ni mtu mzima mwenye pikipiki. Msiwasingizie watoto. Toka Novemba 2021 binti akijifungua anaruhusiwa kurudi shule, lakini waulize wangapi wanarudi kweli huku kijijini, mtoto anamwachia nani.

Ngosha_wa_Reli:
Hapo kwa bodaboda nakuunga mkono mama.

Kijana_wa_Merit:
Leo Ngosha kaunga mkono kitu, andikeni tarehe.

Ngosha_wa_Reli:
Merit kaa kimya wakubwa wanaongea.

Mjumbe_wa_Bodi:
MamaPili huyo matroni mlimpitishaje? Sisi tuliwahi kupendekeza, afisa elimu kata akasema mtu asiye mtumishi asilale shuleni likitokea la kutokea nani anajibu. Tukaishia kuwaomba walimu wa kike wawili kwa zamu, mmoja akajifungua, aliyebaki kagoma.

MamaPili:
Tulimwandikia barua serikali ya kijiji, mwenyekiti na mtendaji wakamtambulisha, akapelekwa polisi kata wakamjua, ndo mkuu wa shule akakubali. Ni wiki tatu za kuzunguka. Nitumie ujumbe pembeni nikupe barua tuliyoandika, ila anza kuzunguka leo maana Julai si mbali.

MzaziWaGolikipa:
Na mimi nitumie mama, nina binti fomu tuu.

Wakili_wa_Kijiweni:
Hiyo barua kabla hamjaipeleka naomba niione.

DadaMhasibu:
😂😂 haya mtumieni, hawezi kulala asipoiona.