Septemba 7 simu zote Uingereza zitalia king'ora: rafiki yangu ana simu ya siri, afanyeje?

Mwanapwani UK

Habari zenu wana jukwaa. Naomba ushauri, na kidogo ni wa haraka, hasa kwa mnaoishi huku Uingereza au mnaoyajua mambo ya mitandao ya simu.

Bila shaka mmeshasikia kwamba Jumapili ya Septemba 7, 2025, saa 9 alasiri, serikali itajaribu mfumo wake wa tahadhari za dharura nchi nzima. Simu zitapiga king'ora na kutetema kwa sekunde kama 10, hata zile zilizowekwa kimya. Walishafanya hivyo Aprili 23, 2023, kwa hiyo kelele yenyewe tunaijua.

Kilichonileta ni rafiki yangu (nimebadilisha mawili matatu asitambulike). Anaishi na mume anayemkagua simu kila jioni: nani kapiga, nani kaandika, kwa nini ujumbe huu umefutwa. Ana simu nyingine ndogo ambayo mume haijui. Anaificha jikoni, ndani ya pakiti ya unga wa sembe iliyofungwa kwa mpira. Ndiyo anayompigia mama yake nyumbani, na ndiyo anayozungumza nasi. Jumapili saa 9 mume huwa nyumbani. Simu ikilia ndani ya kabati lile sijui atajieleza vipi.

La pili, kwenye makundi yetu ya WhatsApp kuna sauti inasambazwa kwamba siku hiyo serikali itaingia ndani ya simu ya kila mtu, ichukue namba na mahali alipo, na wasio na karatasi wajulikane. Viza ya rafiki yangu inategemea ya mume, na hilo limemtia hofu kuliko king'ora chenyewe. Ni kweli? Na ukibonyeza OK unakuwa umekubali nini?

Naomba ajibu anayejua.

Fundi Minara

Pole dada, na umfikishie pole mwenzako. Nimefanya kazi ya minara Dar, sasa niko huku kazi ni ile ile. Nianze na hiyo sauti ya WhatsApp kwa sababu inatesa watu bure.

Ujumbe huu hautumwi kwa namba ya mtu. Mnara unautangaza hewani, kama redio inavyosoma taarifa ya habari: mwenye redio anasikia, na mtangazaji hana orodha ya waliosikiliza. Simu yako inapokea tu, hairudishi jibu lolote. Hata OK unayobonyeza inafunga kile kisanduku kwenye kioo chako basi, haisafiri kwenda popote. Hakuna daftari la nani kapokea na alikuwa wapi.

Nawaelewa wanaoshuku. Sisi tumezoea SMS za serikali, na SMS lazima iende kwa namba. Namba ya Tanzania, tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, ina jina na kidole cha mtu nyuma yake. Hata Ulaya njia si moja. Uholanzi wametumia utangazaji wa mnara tangu 2012, lakini Ubelgiji hutuma SMS kwa simu zilizoko eneo la hatari, na hapo kampuni ya simu lazima kwanza ijue ni namba zipi zipo pale. Kwa hiyo ukisikia nchi ina tahadhari za simu, swali la kwanza kuuliza ni hilo: ni mnara au ni SMS? Uingereza ni mnara.

Jambo moja sitalificha. Kampuni yako ya simu inajua umeshika mnara gani muda wote, la sivyo usingeweza kupigiwa. Ila hilo lipo leo, litakuwepo kesho, na king'ora hakiliongezi wala kulipunguza.

Kuzima sasa. Kwa iPhone, fungua Settings, kisha Notifications, teremka mpaka chini kabisa utaona Severe Alerts na Extreme Alerts, zima zote mbili. Kwa Android andika "emergency alerts" kwenye sehemu ya kutafuta ndani ya Settings, kwa sababu kila kampuni imeiweka mahali pake na baadhi wameipa jina tofauti kidogo. Zima zote mbili vilevile. Kuweka simu kimya pekee hakusaidii kitu, narudia, hakusaidii.

Sauti ya Haki

Fundi umeeleza vizuri, lakini msituambie kwamba hapa hakuna suala la faragha kabisa. Teknolojia inaweza isijue jina lako na bado ujumbe ukakuanika. Korea Kusini mwaka 2020, wakati wa korona, tahadhari za simu zilikuwa zikieleza umri na jinsia ya mgonjwa, na mahali alipopita saa kwa saa. Jina halikutajwa, lakini majirani wakaunganisha wenyewe. Mpaka tume yao ya haki za binadamu ikapaza sauti kwamba imepita kiasi. Mnara ule ule usiojua chochote ndio uliopeleka habari za mtu mmoja kwa mji mzima.

Pia iangalieni Marekani. Kule tahadhari ya ngazi ya taifa huwezi kuizima kwenye mipangilio ya simu. Za hali ya hewa na za watoto waliotekwa unaweza, ila hiyo moja huwezi. Uingereza wamemwachia mtu uamuzi, na kwa maoni yangu ni haki ya kulindwa, hasa kwa watu kama huyo dada. Siku mtakaposikia mjadala wa kuondoa uwezo wa kuzima, pingeni.

Mama Leicester

Mwanapwani, mwanangu, nimesoma mara mbili. Mimi husaidia akina mama wa jamii yetu wanaotoka kwenye nyumba za namna hiyo, kwa hiyo nisikilize mimi sasa.

Kwa rafiki yako faragha si suala la serikali kumjua. Anayemvizia yuko sebuleni. Tangu jaribio la 2023 mashirika yanayosaidia wanawake walisema wazi kwamba simu za siri zitaumbuka, na serikali yenyewe kwenye maelezo yake imewaambia wenye simu zilizofichwa wazime tahadhari. Kwa hiyo asijione anafanya kosa la sheria. Anaruhusiwa.

Azime kwenye ile ya siri tu. Simu yake ya kila siku asiiguse kabisa. Jumapili saa 9 ya mume italia, na ya mke ikibaki kimya mezani, mume anayekagua simu kila jioni atauliza kwa nini. Waache zilie zote mbili.

Halafu mkishamaliza la king'ora, tazameni yale yanayoweza kumfichua siku zozote. Laini iwe ya kujaza salio, si ya mkataba unaoleta barua au bili nyumbani. Salio alinunue kwa pesa taslimu. Simu isiingizwe akaunti ya Google au ya Apple anayotumia kwenye simu yake nyingine, maana mume akiifungua ile ataona orodha ya vifaa vyote. Isiunganishwe na Wi-Fi ya nyumbani, kwa sababu kwenye kisanduku cha intaneti jina la simu linaonekana. Nimeona mama mmoja aliyefichwa vizuri sana akajulikana kwa hilo la Wi-Fi.

Namba ya msaada ni 0808 2000 247, bure, saa 24, na anaweza kuomba mkalimani. Ikifika hali ya hatari apige 999. Kama hawezi kuongea, akiwa kwenye simu ya mkononi asubiri aambiwe, kisha abonyeze 55. Ila ajue kwamba 55 haiwapi polisi mahali alipo moja kwa moja. Lazima asikilize na ajibu wanavyomwelekeza.

Na hilo la viza, mwambie asimeze maneno ya mume kwamba akiondoka atarudishwa kesho yake. Upo utaratibu kwa mke aliyekuja kwa viza ya mwenza akatendewa ukatili. Aulize kupitia namba hiyo hiyo wamwelekeze kwa wakili wa uhamiaji anayestahili, asiulize kwenye kundi la WhatsApp.

Mkaazi wa Plymouth

Nakubaliana na Mama. Langu ni kwa wasomaji wengine ambao sasa watakimbilia kuzima simu zao bila sababu ya maana.

Februari 2024 hapa Plymouth lilipatikana bomu la Vita vya Pili vya Dunia kwenye bustani ya nyumba ya mtu. Jeshi liliamua kulibeba kwa gari, kulipitisha mitaani hadi baharini. Watu zaidi ya 10,000 walitakiwa kutoka majumbani. Tahadhari ya simu ndiyo iliyowafikia waliokuwa wamelala mchana baada ya zamu ya usiku, na wageni wasiofuatilia redio ya hapa. Wengi wetu tunafanya kazi za usiku kwenye nyumba za wazee na maghala, mnajua hali yetu ya usingizi.

Angalieni pia Valencia, Hispania, Oktoba 29, 2024. Ujumbe ulitoka saa 2:11 usiku, wakati maji yalishaingia kwenye mitaa na magereji. Walikufa zaidi ya watu 220 katika mkoa ule. Watu wa kule waliandamana kwa hasira kwa sababu king'ora kilichelewa, hakuna aliyelalamika kwamba kililia. Kama nyumbani kwako kuna amani, kiache.

Mwanapwani UK

Nawashukuru sana, Mama Leicester nimekuandikia pembeni. Nimeongea naye mchana huu akiwa kwenye basi. Hofu ya karatasi imepungua, na namba ya msaada ameikariri kichwani, hakuiandika.

Fundi, limebaki moja. Simu yenyewe ni kitochi, si simu ya kugusa. Tumepekua menyu yote hatukuona tahadhari yoyote. Ina maana haitalia?

Fundi Minara

Usilichukulie hivyo dada. Tahadhari hizi zinapita kwenye 4G na 5G. Kitochi cha zamani cha 2G hakitalia. Lakini vitochi vingi vinavyouzwa sasa ni vya 4G, na vingine vinapokea hata kama kwenye menyu huoni pa kuzimia. Angalia juu ya kioo, karibu na alama ya mtandao. Ukiona 4G, hesabu kwamba kitalia.

Azime kabisa na atoe betri, kitochi kinaruhusu. Asisubiri Jumapili saa 8, afanye Jumamosi. Na asiiwashe saa 9 na dakika 5 akidhani imepita, kwa sababu mnara hurudia ujumbe kwa muda ili wanaoingia eneo lile nao waupate. Awashe Jumatatu akiwa nje ya nyumba.

Tena afanye mazoea, maana hii ya Septemba imetangazwa lakini za kweli hazitangazwi. Desemba 2024, dhoruba Darragh ilipokuja, watu kama milioni 3 wa Wales na kusini-magharibi mwa England walipigiwa king'ora Ijumaa jioni bila taarifa ya siku kabla. Kwa hiyo kila kitochi kinaporudi kwenye unga, betri iwe imetoka.